Kabla ya kunionyesha namba ya kasi, niambieni SSD hiyo inakwenda kuhifadhi nini

Jana mchana kijana mmoja wa hapa karakana alinijia na laptopu mkononi, uso umemchanua. "Fundi, tazama! Elfu tatu na mia tano!" Ametia NVMe mpya, ile SSD (diski ya chipu, isiyozunguka) ya aina ya kasi zaidi, ameipima, na megabaiti hizo kwa sekunde zimemfurahisha. Nikamuuliza mashine ya nani. Ya mpiga video za harusi. Seli zake, vile vijumba vya kuhifadhia data, ni TLC (biti tatu kila seli) au QLC (biti nne)? Kimya. Huyo bwana akishamaliza kazi zake ataziweka wapi? "Humo humo."

Moyo ulinipiga, maana maneno hayo niliwahi kuyasema mimi. Kaeni kitako, wadogo zangu.

1. SSD ya SATA, ile njia ya zamani ya kuunganisha diski, haivuki sana megabaiti 550 kwa sekunde, hata uinunue kwa bei gani. NVMe hupita njia ya PCIe: za kizazi cha 3.0 hufika 3,500 hivi, za 4.0 hufika 7,000. Mteja anayetoka kwenye hadi diski (hard disk) ya kuzunguka kuingia SATA atakuombea dua, lakini karani anayeandika barua ukimtoa SATA ukamtia NVMe hatoona kikubwa, basi msimlie pesa yake bure. Na chungulieni tundu la M.2, lile jembamba la kuchomekea SSD, kabla ya kwenda dukani, mengine yanakubali SATA tu.

2. Kasi mnayoipima kwa faili la gigabaiti 1 ni kasi ya mlangoni. Chukueni Samsung 870 QVO ya terabaiti 1, ambayo ni QLC. Mtengenezaji mwenyewe ameandika kwamba inaandika megabaiti 530 kwa sekunde mpaka akiba yake ya haraka ijae, nayo haizidi gigabaiti 42, kisha inashuka hadi 80. Mpiga video akimwaga gigabaiti 200 za harusi moja, atakaa zaidi ya nusu saa anautazama mstari unavyotambaa, halafu atakuja kukwambia umemuuzia kitu kibovu.

3. TBW, yaani terabaiti ambazo mtengenezaji anadhamini kuandikwa, msiiogope kupita kiasi, wala msiipuuze. Hiyo QVO imeandikiwa 360, na 870 EVO ya ukubwa huo huo, ambayo ni TLC, imeandikiwa 600. Karani anayeandika gigabaiti 20 kwa siku ataimaliza 360 baada ya karibu miaka 50. Kamera za ulinzi ndizo zinazokula SSD: kamera nne zikiandika kwa pamoja megabaiti 2 kwa sekunde, usiku na mchana, zinapita gigabaiti 170 kwa siku. Na SSD iliyotoka kwenye kamera za duka ndiyo iliyoniliza mimi.

Nilirikodi nikaha ya majirani, mtaa wa Jang'ombe, Unguja. Baba wa bi harusi alimwozesha mwanawe kwa mdomo wake, msikiti mzima umetulia. Alipofika kwenye jina la binti yake sauti ilimtetemeka, akakohoa, akaanza upya. Kesho yake nilikuwa na harusi nyengine na kadi zangu zimejaa. Ndani ya mtoto wa meza mlikuwa na SSD ya gigabaiti 240, nimeitoa kwenye mashine ya kamera. CrystalDiskInfo, programu ya kutazama afya ya diski, ikasema uzima umebaki asilimia 4. Nikaipima kasi ya kusoma: 500. Nikajiambia, kinachokimbia namna hii kina maradhi gani? Nikahamishia nikaha yote humo, nikafomati kadi. Familia nikawapa video fupi yenye kasida juu yake, sauti ya mzee haimo.

Ile SSD ilikaa mezani bila ya umeme, chini ya bati, kaskazi mbili.

Mzee akafariki. Baada ya arubaini akaja mkewe na yule binti. "Mwanangu, hatutaki picha. Tunataka sauti ya baba yake tu." Nikachomeka. Mafolda yapo, majina ya faili yapo. Nikafungua, wageni wakaonekana wakivua viatu, kisha picha ikaganda. Nikabadilisha waya, nikabadilisha mashine, nikatia Linux, nikawa nakopi kipande kwa kipande kwa ddrescue, programu ya kuokoa data, usiku tatu. Vilipatikana vipande vya wageni na halua. Pale penye sauti ya mzee hapakusomeka kitu.

Fahamuni kilichotokea. Seli ya flashi ni mtungi wa chaji, na kila ukiandika unaukwaruza mtungi ule. Ukichakaa unavuja, na joto linazidisha kuvuja. TLC inapaswa kutofautisha viwango 8 vya chaji ndani ya seli moja, QLC viwango 16, kwa hiyo uvujaji mdogo tu unatosha kupoteza maana. Kiwango cha JEDEC, chombo kinachoweka viwango vya chipu, kwa SSD za watu wa kawaida kinataka ile iliyokwisha maisha yake ya kuandikwa iweze kushika data mwaka 1 bila ya umeme, kwa nyuzi 30. Mwaka 1, nyuzi 30! Chini ya bati, mwezi wa pili, nyuzi 30 tunazipata wapi? Nami niliiweka miaka miwili, nikijua imebaki asilimia 4, kwa sababu kipimo cha kasi kilinitoa wasiwasi.

Nilimwambia Bi mkubwa ukweli, kwamba kosa ni langu. Akajifunga kanga yake, akasema alhamdulillahi, akatoka. Binti alibaki amesimama mbele ya meza muda mrefu, hakuniuliza chochote.

4. Ukifuta faili kwenye SSD yenye TRIM, ile amri inayoiambia SSD isafishe nafasi ya faili lililofutwa, usimuahidi mteja kuwa utalirudisha.

5. Kompyuta ya mezani bila ya UPS, betri ya kushika umeme ukikatika, msiikabidhi, umeme ukikatika SSD inaandika unaweza kupoteza hata yaliyokuwamo zamani.

6. Kazi ya kuhifadhiwa iende kwenye hadi diski mbili, nyumba mbili tofauti, na kadi isifomatiwe mpaka nakala zote mbili zimefunguliwa na kutazamwa, sauti ikiwemo.

Kijana wa jana nimemwambia ampigie simu mpiga video aje na hadi diski zake. Laptopu ipo juu ya kabati langu, na haitoki mpaka nizione.