Re: Harufu ya kuungua nikitoka Kasulu

Habari ndugu. Nimekuelewa hivi: ukifika Mwandiga na kusimamisha gari, harufu ya kuungua inaingia ndani, geji ya joto iko kawaida, moshi hakuna.

Kabla ya kufungua boneti, zunguka magurudumu yote manne, sogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa. Moja likiwa la moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, breki imeng'ang'ania. Yangu ilikuwa hivyo. Vumbi liligandisha pini za kalipa (kifaa kinachobana pedi za breki) ya mbele kushoto, na fundi wa kwanza akanibadilishia klachi bure (bure maana yake bila sababu, hela nilitoa). Wa pili alisafisha pini, akapaka grisi ya breki, akaweka pedi mpya kushoto na kulia. Ikaisha.

Rimu zikiwa sawa, mulika tochi chini ya kava ya juu ya injini. Gasketi (kizibo cha ukingo wa kava hiyo) ikivuja, oili hudondokea eksozi na kunuka zaidi ukisimama. Chungulia na uvunguni, nyasi kavu hunasa huko.

Ila ikiwa ni harufu ya plastiki au waya, zima gari, chomoa betri hapohapo. Gereji nenda kwa kuvutwa.