Barua kwa mwanangu: fomu yangu siyo yako

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeukuta saa nane usiku, kwenye mapumziko ya zamu. Unasema tovuti ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, inaonyesha marejesho yako ya kodi yametumwa tangu Februari 21, benki hakuna kitu, na yule ndugu aliyekufailia, yaani aliyekujazia na kukutumia fomu za kodi, kila ukimpigia anakwambia subiri, mtandao unasumbua. Halafu ukaniuliza: "Mama, ile fomu uliyojaza mwaka ule ulioibiwa ni ipi, na mimi niijaze?"

Usiijaze, baba. Ile ni 14039, ni ya mtu ambaye namba yake ya Social Security, ile ya utambulisho tunayofailia kodi, imetumiwa na mgeni. Mimi mwaka 2019 nilikuwa hata sijafaili. Ikaja barua ya 5071C, IRS wananiuliza kama fomu ya kodi iliyowafikia kwa jina langu ni yangu kweli. Nikaiweka juu ya friji. Kanisani tulishaambizana kwamba kila anayekutafuta kwa habari ya kodi ni tapeli, nami nikajiona mjanja, kumbe IRS wakitaka kukupata huanza kwa barua. Wiki tatu baadaye nafaili, nakataliwa: namba hii imeshatumika mwaka huu. Ndipo nikaikumbuka. Ilikuwa imeshika duara la mafuta ya sambusa katikati.

Wako ni wizi mwingine, kama ni wizi. Wewe umefaili kweli, IRS wameipokea na wamelipa. Kinachotafutwa ni wamelipa wapi. Ukiwapelekea 14039 utakuwa umepanga foleni isiyo yako, nayo si foleni ya mchezo: ripoti ya Mtetezi wa Walipakodi wa Taifa ya Juni 2024 ilisema kesi za namna yangu zilikuwa zinachukua zaidi ya miezi 22.

Anza na karatasi. Toa nakala aliyokupa, fomu ya 1040, ukurasa wa pili, mstari wa 35. Kwenye 35b iko namba ya benki, kwenye 35d namba ya akaunti. Zisome kwa sauti huku umeshika simu yenye akaunti yako, nne nne, kama ulivyokuwa ukinisomea namba za LUKU kule Tanga.

Ikiwa ni tarakimu moja tu imekosewa, huenda hakuna mwizi. Unajaza 3911 ili hela zifuatiliwe. Benki iliyozipokea inaweza kukaa hadi siku 90 kabla ya kuwajibu IRS, na ikigoma kuzirudisha, IRS hawana nguvu ya kuilazimisha.

Ikiwa akaunti ni ngeni kabisa, bado usipige kelele. Jiulize, ada yake ulimlipa mkononi au alisema itakatwa humo humo? Kama ilikatwa humo, hela hupitia kwanza kwenye akaunti ya muda ya benki nyingine, wanatoa chao, kinachobaki ndicho kinakuja kwako. Utaona namba usiyoijua na pengine hakuna aliyekuibia. Lakini hapo lazima kuwe na karatasi uliyosaini yenye jina la hiyo benki. Mwombe akupe, uwapigie wewe mwenyewe.

Ninachokiogopa ni kingine: nakala yako iwe safi, namba yako sawasawa, na iliyotumwa IRS iwe tofauti. Wapo wanaofanya hivyo. Ingia kwenye akaunti yako ya IRS mtandaoni, chukua transkripti za mwaka huo, yaani muhtasari wa kumbukumbu walizonazo IRS juu yako. Linganisha mshahara, idadi ya wategemezi na jumla ya marejesho. Penye namba 846 ndipo walipoandika malipo yaliyotoka na tarehe yake. Ukikuta kiasi ni kikubwa kuliko alichokutajia, au una watoto ambao mimi bibi yao siwajui, basi ameongeza chumvi kwa jina lako na tofauti kajilipa. Hapo fomu ni 14157 na 14157-A, za kumlalamikia anayetayarishia watu kodi, pamoja na fomu ya kodi iliyo sahihi uliyoisaini mwenyewe, na ripoti ya polisi inayomtaja.

Kwenye polisi najua utasita. Watu watasema umemshitaki ndugu ugenini, wakati ndiye aliyesimamia michango ya msiba wa shangazi yako. Nami nilinyamaza kwa sababu hiyo hiyo. Januari uliponiambia anatoza asilimia ya kinachopatikana, nilijua si dalili njema, nikaona aibu kumsema. Sasa nasema: hizo hela ni kodi yako ya nyumba ya miezi miwili. Msiba alisimamia vizuri na Mungu amlipe, lakini hayo hayafuti haya.

Angalia na chini kabisa ya ukurasa huo, pale pa mtayarishaji. Anayelipwa kukufailia anatakiwa asaini na aweke PTIN, namba ambayo IRS humpa mtayarishaji. Pakiwa patupu, umeshajua ulikuwa unashughulika na nani.

Usihangaike peke yako. Ziko kliniki za kodi za watu wa kipato kidogo, LITC, nyingine ziko kwenye vyuo vya sheria, ni bure au ada ndogo, na huzungumza na IRS kwa niaba yako. Shukuru tu huko Texas hakuna kodi ya mapato ya jimbo. Mimi hapa Ohio nilifukuzana na ofisi mbili, ya IRS na ya jimbo.

Umeniuliza pia juu ya zile tarakimu sita ninazoletewa na IRS kila mwanzo wa mwaka, namba ya siri ya kufailia (IP PIN). Hata wewe unaweza kuziomba. Mgeni hawezi kufaili kwa mtandao kwa jina lako bila hizo. Ila mtu anayekufailia unampa mwenyewe mkononi, kwa hiyo kwa hili lako zisingekusaidia kitu.

Usimpigie tena leo. Nipigie picha ukurasa wa pili wote, mstari wa 35 mpaka chini pa sahihi, unitumie. Natoka kazini saa moja asubuhi, na hiyo ndiyo saa simu za IRS zinafunguliwa. Nitakuwa kwenye gari, tutapiga pamoja.

Mama