Kifungu cha 33 mmekisoma nusu

Karibu nyote mlioniandikia mmenitajia Kifungu cha 33 cha Katiba ya Kenya ya 2010, kile cha uhuru wa kujieleza, na karibu nyote mmekomea pale panapowapendeza.

Admini wa kikundi cha WhatsApp cha ploti amenitoa kwa kuuliza pesa za maji zinaenda wapi. Si amevunja haki yangu? (Kasarani)

Hapana. Anzisha kikundi chako. Ila risiti za maji zidai.

Niliandika Facebook kwamba mbunge wetu ameiba pesa za basari. Wakili wake anadai fidia, na watu wananiambia polisi watanishika. (Kitui)

Polisi waache kwanza. Kashfa kama kosa la jinai, yaani kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, ilitupwa na Mahakama Kuu Februari 2017. Kesi ya madai ndiyo ingalipo, maana 33(3) inakutaka uheshimu sifa ya mwenzako. "Ameiba" ni tuhuma, na ukijitetea kwamba ni kweli, mzigo wa ushahidi ni wako. Kuanza na "inasemekana" hakukuokoi. Ungeandika, "Wanafunzi wa wadi yetu hawajapata basari tangu muhula wa kwanza, na barua yetu haijajibiwa," halafu ukabaki na nakala yenye muhuri wa afisi yake, yeye ndiye angekuwa na la kujibu. Sasa tafuta wakili kabla siku ulizopewa hazijaisha, na usimjibu mtu Facebook. Mbunge akisema hayo hayo akiwa bungeni ana kinga. Wewe huna.

Nikiongeza "imetumwa kama ilivyopokelewa" si niko salama? (wengi mno)

Nani huwadanganya hivi? Aliyesambaza ni wewe.

Chifu ametishia kunifunga kwa "kudharau mamlaka". (Busia)

Mwombe akuonyeshe sheria. Kifungu cha 132 cha Kanuni ya Adhabu walichokuwa wakikitumia kilibatilishwa 2017, lakini naona machifu wengine habari haijawafikia. Ukishikwa, ni lazima uambiwe sababu mara moja, na ufikishwe kortini ndani ya saa 24 kama korti inakaa. Kumkosoa chifu si jinai. Kumtukania mama yake barazani ni jambo jingine, na hapo usiniite.

Niliandika "tutoe madoadoa" kwa utani tu. Kuna shida? (Uasin Gishu)

Futa leo. "Madoadoa" ni watu wa makabila mengine, na "kuwatoa" ni kuwafukuza. Matamshi ya chuki hayamo kabisa ndani ya uhuru huo, 33(2) imeyatoa waziwazi. Sheria ya uwiano ya 2008 inakuwekea faini ya hadi shilingi milioni 1, au miaka 3 jela, au vyote viwili. Na waliochomewa nyumba Bonde la Ufa baada ya uchaguzi wa 2007 hawaoni utani wako uko wapi.

Nimefutwa kazi kwa video ya TikTok niliyomsema bosi. (Mombasa)

Uliitwa ukajitetea kwanza? Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinamtaka akusikilize, ukiwa na mwenzako wa kazini kando yako. Kama hukuitwa, kesi yako iko hapo. Video yenyewe usiitegemee.