Mtaa mahiri huanzia kwenye maji

Ndugu muulizaji, umetaka kujua kama mradi wa nyumba huko Nyali, Mombasa, utastahili kuitwa mtaa mahiri, yaani mtaa unaotumia teknolojia kurahisisha maisha ya wakazi, kwa kufungwa kamera na vitambuzi (vifaa vinavyohisi mabadiliko na kutoa taarifa) tu. Kwa maoni yangu, swali la kwanza Mombasa ni maji. Mji huu unategemea vyanzo vya mbali kama Mzima, Baricho na Marere, na visima vingi vilivyo karibu na bahari vina chumvi. Kwa hiyo mita za kidijitali zinazoonyesha mapema bomba linapovuja, pamoja na matangi ya kuvuna mvua za masika, zina faida kubwa kuliko lango linalofunguliwa kwa simu. Aidha, wapo mafundi wa Mji wa Kale wanaojua nyumba ielekezwe vipi ili ipate upepo wa kusi, na maarifa hayo, yakiingizwa katika ramani kabla ya msingi kuchimbwa, hupunguza haja ya viyoyozi, ambavyo kwa hewa yetu ya pwani huliwa na kutu upesi. Kuhusu kamera, muulize mwenye mradi picha zitahifadhiwa wapi na kwa muda gani, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamhusu naye.