Kabla ya Kuhesabu Watoto wa Kobe, Hesabu Wazazi

Mtu akiniambia kobe wake wamezidi mia, swali langu la kwanza ni moja: wamezaliwa na wangapi? Nimekaa miaka mingi na kobe wakubwa wa Aldabra kwenye hifadhi moja ya pwani, nikiwalisha, nikifukua mayai yao na kuwatia watoto alama. Naona wafugaji wengi wenye nia njema wanafurahia wingi na kusahau ukoo.

Tazama Changuu, kisiwa kilicho mbele ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Kundi la kobe pale lilianza na wanne walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Wakazaana mpaka wakafika kama 200 miaka ya 1950. Kisha wakaja wezi, wakawauza nje kama wanyama wa kufugwa majumbani, hata ikafika mwaka 1996 wamebaki saba tu. Kundi lililopita kwenye tundu la sindano namna hiyo linaweza kujaa tena uwanjani, lakini jeni, yaani vinasaba vinavyobeba sifa za urithi, zilizopotea hazirudi kwa kuzaana wenyewe kwa wenyewe.

Kuna hesabu ambayo kila mfugaji anaweza kuifanya. Zidisha idadi ya madume wanaozaa kwa idadi ya majike wanaozaa, zidisha tena kwa 4, halafu gawanya kwa jumla yao. Dume 1 na majike 10 wanakupa 40 kugawanya kwa 11. Hawafiki hata 4! Una kobe 11 uani, lakini kwa upande wa jeni ni kama una wanne wasiotimia, na kila kizazi kinachopita kinapoteza sehemu kubwa ya utofauti uliokuwapo.

Mfano unaonifundisha zaidi ni wa kisiwa cha Española, katika visiwa vya Galápagos vya nchi ya Ekuado. Kobe wa kisiwa kile walikuwa wamebaki 14: majike 12 na madume 2. Wakakusanywa wote ili wazalishwe, akaongezwa dume wa tatu, Diego, aliyekuwa katika bustani ya wanyama ya San Diego, Marekani. Mradi ulipofungwa mwaka 2020, kobe wapatao 2,000 walikuwa wamerudishwa kisiwani. Ni kazi ya kujivunia, nami naiheshimu sana. Lakini vipimo vya vinasaba vilionyesha kuwa Diego peke yake ndiye baba wa takriban asilimia 40 ya watoto, dume mwingine akawa baba wa karibu wote waliosalia, na wa tatu hakuacha chochote cha kutajika. Ukimwondoa huyo wa tatu, hesabu yetu inashuka kutoka karibu 10 hadi chini ya 7.

Kwa hiyo mwangalie dume mnyonge. Dume mkubwa huwafukuza wenzake, na anayekaa pembeni si lazima awe mgonjwa. Mtenge na majike wachache katika uzio wake, mpe msimu mzima au hata miwili. Ila jua kwamba jike wa kobe huweza kutunza mbegu za dume mwilini kwa miaka kadhaa. Ukibadilisha dume leo, mayai ya mwakani yanaweza kuwa bado ya yule wa zamani. Usiandike jina la baba kwa kukisia. Mwombe daktari wa wanyama achukue damu kidogo ipelekwe kupimwa vinasaba, na mpaka majibu yaje, andika tu kuwa baba hajulikani.

Mama anajulikana kirahisi zaidi, basi anza naye: kila kiota namba yake, kila mtoto alama yake siku anapotoka kwenye yai. Jike hodari wa kutaga asijaze uwanja peke yake. Chukua idadi inayolingana kutoka kwa kila mama. Kwenye mashine ya kuangulia, usiweke mayai yote kwenye joto moja, maana joto ndilo linaloamua jinsia. Kule Galápagos hutumia nyuzi 28 kupata madume na 29.5 kupata majike.

Wazee wasistaafishwe mapema. Kobe huishi miaka mingi na huendelea kuzaa uzeeni, na kila mwaka ambao waanzilishi wenyewe wanazaa ni mwaka ambao hujalazimika kuozesha ndugu kwa ndugu. Ukihitaji damu mpya, badilishana na hifadhi nyingine kwa vibali halali, na usipokee kobe ambaye asili yake haijulikani mpaka apimwe.

Daftari la ukoo liwe na nakala mbili katika nyumba mbili tofauti. Kobe hawa watatuzika sisi tunaowalisha, kwa hiyo jina la atakayelirithi daftari liandikwe ukurasa wa kwanza, tena wiki hii.