Jioni ya sinema na majirani: shughulikia sauti kwanza

Dada mmoja ameniandikia wiki hii. Anataka kuwaonyesha majirani zake The Greatest Showman, ile filamu ya nyimbo na sarakasi ya mwaka 2017. Ana projekta na shuka jeupe, anauliza kama vinatosha. Havitoshi, dada yangu. Mimi nilianza na hivyohivyo.

Mara ya kwanza niliwaita watu jua halijazama. Filamu ile inafunguka gizani: vishindo vya miguu juu ya mbao, mwigizaji mkuu Hugh Jackman akiwa kivuli chenye kofia. Sisi tuliona shuka tupu. Projekta haiwezi kutoa weusi, weusi wa picha ni giza la mahali mlipo, kwa hiyo subiri giza liingie kabisa.

Hilo watu walinisamehe. Sauti ndiyo iliyoniumbua. Nilikuwa na spika moja ndogo, nimeiweka chini, miguuni mwa waliokaa mbele. Ulipofika wimbo wa "This Is Me", ambao Keala Settle anauanza polepole kabla ya kuupandisha, waliokaa nyuma hawakuambulia neno. Nilimwona mama mmoja akikunja blanketi taratibu, akamshika mwanawe mkono, wakaondoka bila kuaga. Walikuja kuimba. Mpaka leo naumia.

Mwezi uliopita nilirudia. Spika mbili kubwa, juu ya vichwa vya watu, moja kila upande wa shuka. Mchana nilicheza wimbo mmoja nikatembea hadi mahali pa mwisho pa kukaa, nikasikiliza kila neno. Usiku, wimbo uleule ulipopanda, binti wa miaka kama kumi alisimama peke yake akaimba. Kiitikio kiliporudi, safu nzima ya nyuma ilikuwa imesimama naye. Sifichi, nilijivunia.

Jambo jingine, na hapa sina huruma: omba kibali cha kuonyesha hadharani. Kununua diski au kulipia huduma ya kutazama filamu nyumbani hakukupi haki hiyo, hata usipotoza kiingilio. Usiseme ni majirani tu. Watunzi Benj Pasek na Justin Paul walizitolea jasho nyimbo zile. Na usimwite mtu akuletee watoto wake kwa filamu ya dakika 105 kama hujajaribu vyombo vyako.

Shuka lako, dada, lipige pasi, livute pembe zote nne lisicheze na upepo. Kisha kaazime spika.