Jibu kwa aliyesema wapenzi wa jinsia moja "waende kwa Wazungu wao"

Mkuu, kilichotoka kwa Wazungu hapa ni sheria. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kile cha jela kuanzia miaka 30 hadi maisha, maneno yake ya "kinyume cha maumbile" aliyaleta Mwingereza enzi za ukoloni, baada ya kuyaandika kwanza India mwaka 1860. Adhabu tumeipandisha wenyewe baadaye, hilo sikatai.

Watu wenyewe usiwatafute Ulaya. Wako Mwaloni pale Kirumba, Mwanza, wanapakia dagaa kama wewe. Namjua mmoja, fundi cherehani, ikifika msimu wa harusi akina mama mtaa mzima wanamgombania. Ukazuka uvumi, uvumi tu, mwenye nyumba akamtolea vitu nje usiku, cherehani ikalala kwenye tope. Kodi alikuwa ameshalipa ya miezi sita (si unajua wenye nyumba wetu), hakurudishiwa hata mia. Sasa aende polisi akaseme alifukuzwa kwa sababu gani?

Botswana nayo si Ulaya, na Mahakama Kuu yao ilifuta vifungu vya aina hiyo mwaka 2019. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa 2021. Afrika Kusini wanaoana kisheria tangu 2006.

Imani yako baki nayo, hakuna aliyekuomba ushangilie. Tunachodai ni kwamba mtu akidhulumiwa kodi yake aweze kwenda kuripoti bila kuogopa kwamba yeye ndiye atakayewekwa ndani.